Ngoma za Karatasi ya Kaki

Ukiwauliza wajuaji wa muziki wa wimbi jipya, ule uliozuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya sabini, habari za Wapangaji, watakwambia ile ilikuwa bendi ya Rodney Broomhead. Watakutajia koti lake la mvua, shingo yake ndefu, na ile sauti yake ya mtu aliyefungiwa nje na funguo ziko ndani. Sibishi, Rodney alijua kuimba. Lakini wajuaji hao hawajakaa Sheffield, ule mji wa visu na vijiko, hata wiki moja. Mimi nimekaa, na nasema wazi: bendi ile ilikuwa ya Avril Staniforth, mpiga ngoma. Asiyetaka na anune.

Avril alikuwa mng'arishaji. Tangu alipomaliza shule, akiwa na miaka kumi na sita, alisimama karakana moja na mama yake, Bi Enid, mbele ya gurudumu linalozunguka kama lina wazimu, akisugua vijiko na uma kwa mchanga na mafuta mpaka ujione sura. Kazi chafu ile, wee! Wanawake wa karakana walijifunga vitambaa vyekundu kichwani, wakajizungushia karatasi ya kaki mapajani na miguuni na kuikaza kwa uzi, maana uchafu ule mweusi ukishaingia nguoni hautoki tena. Na waliimba. Waliimba kutwa, kwa kupaza sauti juu ya kelele za magurudumu, huku nyundo kubwa ya kiwanda cha jirani ikiwagongea mdundo pasipo mwenyewe kujua. Hapo ndipo Avril alipojifunzia ngoma. Mwalimu mwingine hakuwahi kuwa naye.

Mwaka wa sabini na nane mpangaji wa Bi Enid, kondakta wa basi, alioa akahama. Chumba cha chini kikabaki kitupu. Avril akaingiza humo ngoma kuukuu alizozipata kanisani, akamwita Rodney wa nyumba ya mkabala, na Rodney akawaleta Malcolm Ibbotson, mpiga gitaa la besi, na dada yake Lorraine, mpiga kinanda. Bi Enid alisimama mlangoni mikono kiunoni akawatazama wote wanne.

"Mpangaji wangu aliyepita alikuwa anakoroma," alisema. "Lakini alikoroma kwa adabu. Nyinyi je?"

"Sisi tutapiga polepole, Bi Enid," Rodney alisema.

"Thubutu! Nakujua wewe tangu una kamasi."

Basi jina likapatikana hapo hapo: Wapangaji. Na adabu haikuchukua hata nusu saa. Jirani wa upande wa pili aligonga ukuta kwa kiatu, akagonga tena, kisha akagonga mfululizo. Bi Enid hakugombana na mtu. Alikwenda jikoni, akarudi na bunda la karatasi ya kaki na uzi, akapiga magoti mbele ya ngoma za mwanawe na kuzifunga moja moja, kama anavyojifunga magoti yake kila asubuhi.

"Haya, piga sasa."

Avril alipiga. Mlio uliotoka ulikuwa mkavu na mfupi, unasema neno lake na kunyamaza. Lorraine alicheka kwanza, akidhani ngoma zimeharibika. Lakini Rodney hakucheka. Aliacha kurekebisha gitaa lake akasema, "Rudia hiyo, Avril." Akarudia. Rodney akaanza kuimba juu yake, na kwa mara ya kwanza maneno yake yote yakasikika, hata yale madogo, kwa kuwa ngoma haikuyafunika. Nakwambia, wakati ule kila bendi ilikuwa inatafuta mlio mpya. Hawa waliupata jikoni kwa Bi Enid.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa klabu ya wafanyakazi, Jumapili mchana. Walipiga nyimbo nne. Ya tano ilipotaka kuanza, katibu wa burudani, mzee mwenye tai ya klabu na miwani iliyoteremka puani, akapanda jukwaani akakamata kipaza sauti. "Asanteni, wapenzi. Pai zimefika." Watu wakaenda kwenye pai. Baada ya pai ikaja bingo, ule mchezo wa namba, na katika bingo ya klabu hata chafya ni kosa. Baada ya bingo katibu akawafuata nyuma na bahasha.

"Ubaya hamna, wapenzi," alisema, maana Sheffield kila mtu ni mpenzi, hata anayefukuzwa. "Ila watu vichwa vinawauma. Shikeni chenu mkapumzike nyumbani."

Malcolm alikaribia kulia. Kufukuzwa nusu ya onyesho ni aibu ya kusimuliwa mtaa mzima. Avril ndiye aliyekuwa anatabasamu.

"Wewe unafurahia nini?" Rodney alimfokea. "Tumefukuzwa, hujaona?"

"Nimeona. Umemwona yule mzee wa meza ya mlangoni? Yule aliyekatika vidole viwili?"

"Ana nini?"

"Bingo nzima alikuwa anagonga meza kwa vile vitatu vilivyobaki. Alikuwa anagonga mdundo wangu."

Na kweli, kuanzia mzee yule wa vidole vitatu mashabiki walianza kuongezeka. Waliacha klabu, wakapiga kwenye kumbi za wanafunzi, vyumba vya juu vya baa, hata kwenye kanisa lililouzwa. Santuri yao ya kwanza waliirekodi Jumamosi moja juu ya duka la mazulia, mtangazaji mmoja wa redio akaipiga mara mbili mfululizo bila kusema neno katikati, na mwezi uliofuata vijana wakaanza kuja kutoka Leeds, Hull na Manchester wamevaa makoti ya baba zao kama Rodney. Walikuwa wazuri, jamani. Walikuwa wazuri kupita kiasi. Lorraine alipiga kinanda kwa vidole viwili tu, na viwili vilitosha. Malcolm alisimama kama nguzo na besi yake ikatembea kwa niaba yake. Nyuma yao Avril, kitambaa chekundu kichwani, ngoma zimevikwa kaki, akiendesha gari zima. Wasichana walikuwa wanasogea mbele kumtazama yeye. Wengi hawakuwahi kumwona mwanamke ameketi pale.

Mwaka wa themanini na moja akaja Piers.

Piers Wetherell alitoka kampuni ya santuri ya London, kijana mwenye maneno laini na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Sheffield, mwezi wa Februari! Bi Enid aliviangalia akamhurumia. "Mwanangu, hivyo vitakuwa vimekufa kabla hujafika stesheni." Piers alicheka, akanywa chai yake yote, akawasifu mmoja mmoja, na jioni ile mkataba ukatiwa saini juu ya meza ya jikoni. Mwezi wa Mei wakaitwa London kurekodi wimbo wa Rodney uitwao "Jumapili Hakuna Basi."

Walipofika studio walikuta kisanduku juu ya meza, ukubwa wa kitabu cha hadithi, kina vitaa vyekundu vinavyowaka na kuzima.

"Mashine ya midundo," Piers alisema, akikipapasa kama paka. "Haichoki, haikosei, haitoki jasho. Wakubwa wote sasa wanatumia hii."

"Na mimi?" Avril aliuliza.

"Wewe kaa tu, mpenzi. Tunajaribu kidogo."

Walijaribu siku sita. Siku sita Avril alikaa kwenye kochi la ngozi nyuma ya kioo, akitazama wenzake wakiufuata mdundo wa kisanduku. Siku ya sita Rodney akatoka nje kwake. Piers alikuwa amemsifu siku zote hizo, sauti yako hivi, sura yako vile, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Avril," alisema, macho yakiwa kwenye zulia. "Piers anasema mashine inabaki. Kwenye santuri tu. Jukwaani utapiga kama kawaida."

"Piers anasema. Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema... ni nafasi yetu, Avril. Nafasi kama hii haiji mara mbili."

"Nimekuuliza wewe unasemaje."

Rodney aligeuka akarudi ndani kwa Piers. Kikulacho ki nguoni mwako. Avril alichukua begi lake, akaenda stesheni, na Jumatatu asubuhi alikuwa mbele ya gurudumu lake, mapaja yamefungwa kaki, kama mtu asiyewahi kwenda popote. Wenzake wakamuuliza mambo yalikwendaje. Akasema yamekwenda vizuri.

Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Wiki tano baadaye, saa nne ya asubuhi, redio ya karakana ikapiga "Jumapili Hakuna Basi." Msimamizi wao, Bi Ivy Greaves, mwanamke mwenye kifua cha ngoma na sauti ya tarumbeta, alizima gurudumu lake, jambo ambalo halifanyiki. "Avril wetu huyo! Jamani, Avril wetu!" Wakamzunguka wanawake kumi na mbili, wakamkumbatia na mikono yao myeusi, wakampaka mafuta mpaka usoni. Avril angeweza kusema pale pale: si mimi, ni mashine. Hakusema. Angesemaje, na watu wanamfurahia kiasi kile? Alicheka nao, moyo unamchoma. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuzima gurudumu lake. Bi Enid aliinamisha kichwa akaendelea kusugua uma.

Jioni, wakila viazi na soseji, mama akauliza, "Karatasi mliiondoa?"

"Waliiondoa wao."

"Mh," Bi Enid alisema, akamwongezea kiazi.

Santuri ikapanda. Wanawake wote wa karakana waliinunua, hata wale wasiokuwa na chombo cha kuipigia. Avril alipopita mtaani watoto walimpigia ngoma hewani. Kila alipopongezwa alijiona mwizi. Usiku akilala anapanga maneno ya kukiri, asubuhi anayameza na chai. Akajiambia wimbo utashuka tu, watu watasahau.

Haukushuka. Ikapigwa simu ofisi ya karakana, na aliyeipokea ni Bi Ivy mwenyewe. Alitoka ofisini anakimbia, na Bi Ivy hakuwa mtu wa kukimbia.

"Televisheni! Alhamisi! Kile kipindi cha nyimbo, nchi nzima inatazama! Avril, mpenzi, wanakutaka televisheni!"

Piers alikuwa bado yuko kwenye simu. "Kamera inataka mtu nyuma ya ngoma," alisema. "Utajifanya tu unapiga. Rahisi kabisa. Jumatano njoo London."

Avril alitaka kumwambia akatafute mtu mwingine wa kujifanya. Lakini nyuma yake wanawake kumi na mbili walikuwa wanarukaruka, na Bi Ivy alishaanza kupanga nani ataleta keki. Wangetazama mikono yake ikipepea hewani huku mashine ikipiga, watu wanaoijua mikono ile kuliko mtu yeyote duniani. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Akasema atakuja.

Usiku wa Jumanne Bi Enid ndiye aliyemfungia begi. Nguo, kitambaa chekundu, mkate wa njiani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wajuaji wanaponyamaza. Kile kipindi kilikuwa na sheria yake. Bendi haikupiga kweli mbele ya kamera. Ilijifanya, na tepu ndiyo iliyosikika. Lakini chama cha wanamuziki hakikukubali tepu iwe ile ya santuri. Lazima wimbo urekodiwe upya, kwa saa tatu, na watu wale wale walioupiga, mbele ya ofisa wa chama, na kila mmoja awe na kadi ya chama. Kampuni nazo zilikuwa na ujanja wake. Ofisa anapelekwa chakula cha mchana kirefu chenye divai, na akirudi anakabidhiwa tepu ya zamani na kuambiwa, "Tayari, bwana, tumemaliza." Piers aliujua ujanja huo kama anavyojua jina lake. Tepu ya zamani ilikuwa mkobani mwake. Na katika fomu ya chama, ili asiulizwe habari za mashine, alishaandika kwa mkono wake: Ngoma, Avril Staniforth.

Ofisa aliyekuja Jumatano ile aliitwa Wilf Tordoff, mzee mfupi wa Barnsley, jirani na Sheffield, kofia kichwani, mkebe wa bati kwapani.

"Bwana Tordoff!" Piers alimpokea kwa mikono miwili. "Pembeni hapo kuna mkahawa wa Kiitaliano, utapenda. Vijana waanze, sisi tukapate kitu."

"Kitu ninacho." Mzee akafungua mkebe: mkate wenye nyama ya ulimi, na chupa ya chai.

"Basi hata divai kidogo..."

"Mimi Mmethodisti, mpenzi, pombe sinywi." Akakaa, akavaa miwani, akaisoma fomu kwa sauti. "Sauti na gitaa, Rodney Broomhead. Besi, Malcolm Ibbotson. Kinanda, Lorraine Ibbotson. Ngoma, Avril Staniforth. Avril ni yupi?"

"Mimi hapa."

"Mbona umekaa kwenye kochi?"

Mzee akanyoosha kidole mezani. "Na hicho kinachomemeteka?"

"Hicho... kinatusaidia kidogo," Piers alisema.

"Kadi yake iko wapi?"

Lorraine alijiziba mdomo. Piers alicheka peke yake, akaacha. Mzee Tordoff hakucheka. Alimgeukia Avril taratibu.

"Binti, fomu inasema wewe ndiye uliyepiga kwenye santuri. Ni kweli?"

Avril aliwatazama wenzake. Malcolm alikuwa mweupe kama chokaa. Akisema hapana, fomu ni ya uongo, televisheni imekwenda, na pengine bendi nayo. Akisema ndiyo, ni uongo ule ule aliowadanganya nao wenzake wa karakana wiki zote zile, na ulishamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alichoka. Alichoka mpaka kwenye mifupa.

"Hapana, bwana. Ni hicho kisanduku. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi hili hili."

Piers alifumba macho. Ndipo Rodney akavua gitaa shingoni akaja katikati, shingo yake ndefu imekuwa nyekundu.

"Aliambiwa akae," alisema. "Na mimi ndiye niliyemwambia. Tumekuwa pamoja tangu chumba cha mama yake, nikamwambia akae, na sikuwa na ujasiri hata wa kumwangalia. Kama kuna wa kuadhibiwa, bwana, niandike mimi."

Mzee Tordoff alimaliza kutafuna. Hana haraka mtu yule. Akafuta vidole kwa leso.

"Fomu hii sasa hivi ni ya uongo," alisema. "Ninaweza kuichana nikawahi treni ya saa saba. Kadi unayo, binti?"

Avril aliitoa. Mzee aliigeuza huku na huku, akairudisha.

"Kadi hai. Basi sikilizeni. Sheria hainitumi kuuliza mwezi jana mlifanya nini. Inanitaka nione wimbo ukipigwa leo, na walioandikwa humu. Sasa ni saa sita. Mkipiga nyinyi wanne, saa tisa fomu hii itakuwa ya kweli. Zimeni hicho kidude, kinaniumiza macho."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Piers alinyoosha mkono wake mwenyewe akakizima.

Avril aliinuka. Ngoma za studio zilikuwa mpya, zinang'aa, na alipozigonga zilitoa mlio mnene wa watu wengine. Akafungua begi kutafuta kitambaa chake, na chini ya kitambaa, chini ya mkate, akakuta bunda la karatasi ya kaki limekunjwa vizuri, na uzi juu yake. Alisimama akalitazama. Hakuliweka yeye. Machozi yakamjia pale pale mbele ya watu wote, akayafuta kwa kiwiko, akapiga magoti akaanza kufunga.

"Anafanya nini tena?" Piers alinong'ona.

"Anafanya kazi," Mzee Tordoff alisema. "Mwache."

Mara ya kwanza waliharibu. Rodney alishazoea mashine, akaingia mapema, wakagongana. Mara ya pili Malcolm alikata waya wa besi. Mara ya tatu Avril alifumba macho, akawaona wanawake wake kumi na mbili mbele ya magurudumu, akaisikia nyundo ya jirani, akaanza. Mashine ilikuwa imeupiga wimbo ule sawasawa kama saa ya ukutani. Avril aliuvuta kidogo penye huzuni, akauachia ukimbie penye hasira, na sauti ya Rodney, iliyokuwa imebanwa kwenye santuri, ikafunguka, akaimba kama siku ile ya kwanza chumbani. Lorraine alisahau vidole viwili akapiga kwa vitano. Walipomaliza mguu wa Mzee Tordoff ulikuwa bado unagonga sakafu.

"Tena?" Rodney aliuliza.

Piers alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Mpeni haki yake, masikio alikuwa nayo. "Hapana," alisema polepole. "Hiyo hiyo."

Alipotaka kuipokea tepu, ile ya zamani bado iko mkobani mwake, Mzee Tordoff alishaiweka chini ya mkebe wake. "Hii naibeba mimi," alisema. Akaipakata kwenye teksi mpaka mlangoni kwa watu wa televisheni, na jioni ile ile bendi ikajifanya kupiga mbele ya kamera, ngoma zimevaa kaki, ili ionyeshwe Alhamisi.

Mengine ya Wapangaji mnayajua, au waulizeni hao wajuaji. Miaka saba zaidi, santuri kubwa nne, kumbi zilizojaa kutoka Glasgow mpaka Berlin, na kila mahali Avril nyuma, na kila santuri ngoma zimevaa kaki. Mashine ile Lorraine aliitumia kuzuia mlango wa choo cha nje. Na walipochoka hawakutukanana magazetini kama bendi nyingine. Walifagia, wakarudisha ufunguo, wakaondoka kama wapangaji wastaarabu. Lakini mimi narudi Alhamisi ile, sebuleni kwa Bi Enid.

Avril alirejea na treni ya mchana. Saa moja na robo jioni chumba kilikuwa kimefurika: wanawake kumi na mbili kwenye viti vitano, keki tatu, televisheni imepanguswa vumbi. Avril alisimama karibu nayo. Alikuwa ameapa hatatazama kabla ya kusema.

"Jamani, nina neno. Ile santuri mliyonunua, ngoma zile si..."

"Nyamaza, inaanza!" Bi Ivy alisema, akamvuta kwa mkono akamkalisha.

Mtangazaji akalitaja jina, watu wa studio wakapiga kelele, na kabla sura ya mtu yeyote haijaonekana zikasikika ngoma, peke yake, kavu, fupi. Bi Ivy akajiegemeza nyuma, akakunja mikono kifuani.

"Haya," alisema. "Sasa huyo ndiye Avril."

Avril alimgeukia. "Mlijua?"

"Mpenzi, miaka sita nimesimama ubavuni mwako. Ulidhani haya masikio ni ya kuvalia hereni?"

"Wote?"

"Wote. Siku ile ile. Tulikuona unavyocheka, tukasema mtoto ana jambo, akiwa tayari atasema."

"Na santuri mkanunua!"

"Tungeacha kununua ya mwenzetu?"

Avril akaangua kilio, kile cha kwikwi, cha mtoto aliyeanguka akaokotwa. Bi Enid alikuwa mlangoni na birika la chai. Aliliweka birika chini, akaja akakaa kwenye mkono wa kiti cha mwanawe, macho yakiwa kwenye televisheni, kwenye ile kaki aliyoikunja mwenyewe Jumanne usiku. Akaanza kujipiga mapajani kwa viganja, mdundo ule ule. Bi Ivy akaufuata kwenye meza. Wakafuata wengine, kwenye trei, kwenye viti, kwa miguu sakafuni, wanawake kumi na mbili waliokula chumvi nyingi karakanani, mpaka vikombe vikacheza kwenye visahani na jirani wa upande wa pili akaanza kugonga ukuta kwa kiatu.

Safari hii hakuna aliyeinuka kwenda kuleta karatasi.